Kitambi Huhesabiwa Jikoni

Mwili wa binadamu huunguza chakula kama jiko linavyounguza mkaa, ila huunguza polepole, bila moto wala moshi, na hauzimiki hata mwenyewe akilala. Jambo hili lilipimwa Ufaransa katika majira ya baridi ya 1782 kuingia 1783. Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walimfungia simbilisi ndani ya chombo kilichozungushiwa barafu, wakapima maji yaliyochuruzika barafu ilipoyeyuka kwa joto la mnyama yule. Walichokuta ni kwamba kupumua nako ni kuungua. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, huko Connecticut, Marekani, mkemia Wilbur Atwater aliwaweka watu kwenye chumba kilichozibwa, akapima walichokula, hewa waliyovuta na joto walilotoa. Hesabu zilikubali. Kutokana na kazi yake zilipatikana namba zinazotumika hadi leo: gramu moja ya wanga au ya protini hutoa takriban kalori 4, na gramu moja ya mafuta hutoa 9. Pombe hutoa 7, jambo ambalo wanywaji wengi hawalijui au wameamua kutolijua.

Hii ndiyo mizania ya nishati. Kinachoingia kikizidi kinachotumika, ziada huwekwa akiba, sehemu kubwa ikiwa shahamu chini ya ngozi na kuzunguka viungo vya tumboni. Kinachoingia kikipungua, akiba hutolewa. Hakuna mwili uliowahi kupimwa ukakutwa umeikwepa kanuni hii, wala hakuna anayenenepa kwa maji, kwani maji hayana hata kalori moja. Walakini kuijua kanuni ni jambo moja, na kujua ni wapi ziada inaingilia ni jambo jingine. Katika kaya nyingi za Afrika Mashariki ziada hiyo haiingilii pale inapodhaniwa. Wengi huushitaki ugali, ilhali mshitakiwa wa kweli yuko kwenye sufuria ya pembeni.

Chukua mchuzi wa watu watano. Mafuta yanatangulia sufuriani, vitunguu vinakaangwa hadi vigeuke rangi, nyanya zinafuata, kisha nyama au maharage yaliyokwisha kuchemshwa. Mpishi anajua mchuzi umeiva anapoona mafuta yamejitenga na kuelea juu, mekundu, yanang'aa. Hiyo ndiyo dalili ya mchuzi uliopikwa na mtu mwenye mkono, na mgeni akiletewa mchuzi usiong'aa hujua kwamba nyumba ile imepungukiwa. Sasa yahesabiwe mafuta hayo. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia, ya alizeti au ya mawese, kina takriban kalori 120. Vijiko kumi, ambavyo ni mimino miwili ya chupa bila kuangalia, ni kalori 1,200, na kila mlaji anapata 240 kabla hajagusa nyama, ugali wala mboga. Mafuta ya alizeti huchukuliwa kuwa bora kwa moyo kuliko samli. Kwa unene hakuna tofauti ya maana. Mafuta ni mafuta, gramu kwa gramu.

Chapati nayo husimulia habari hiyohiyo. Unga wa ngano gramu 70 una kalori 255 hivi. Ukisukumwa, ukapakwa mafuta, ukakunjwa, ukasukumwa tena na kukaangwa kwa kijiko kizima cha mafuta, chapati inafika 375, theluthi yake ikiwa mafuta. Chipsi mayai zinafuata njia hiyo, kwa kuwa kiazi hakina mafuta yake na, ukiacha ya mayai, yaliyomo yametoka karaini. Upande wa vinywaji, kijiko cha chai cha sukari kikisawazishwa kina kalori 16, na vijiko vya sukari havisawazishwi. Vikombe vitatu vya chai kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja, ni kalori 144 hata kwa kijiko kilichosawazishwa. Chupa ya soda ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari. Hakuna ubaya wa pekee ndani ya sukari hii. Tatizo ni kwamba inanyweka. Tumbo halihesabu vizuri kinachonywewa, na aliyekunywa soda na chakula hapunguzi chakula kwa kiasi cha soda ile.

Upande wa matumizi ndio unaowashangaza watu zaidi. Kwa mtu wa kawaida, karibu theluthi mbili ya kalori za siku hutumika kwa kuishi tu: moyo kupiga, ini kuchuja, figo kufanya kazi, joto la mwili kubaki lilipo. Ubongo peke yake, ambao ni asilimia 2 hivi ya uzito wa mwili, huchukua karibu sehemu moja ya tano ya nishati ya mwili uliopumzika. Sehemu moja ya kumi ya matumizi ya siku hutumika kumeng'enya chakula chenyewe, na hapa protini ni ghali kuliko vingine, kwani kati ya asilimia 20 na 30 ya nishati yake huishia katika kazi ya kuimeng'enya. Kinachobaki ndicho mwendo, kuanzia kufagia uwanja hadi kukimbia. Mtu wa kilo 70 akitembea saa nzima kwa mwendo wa kawaida huongeza takriban kalori 170 juu ya zile ambazo angetumia akiwa ameketi. Mafuta ya mchuzi yaliyohesabiwa hapo juu, sehemu yake moja kati ya tano, yanataka karibu saa moja na nusu barabarani.

Ushahidi mkubwa kwamba mwendo hauongezi matumizi kama inavyodhaniwa umetoka Tanzania. Mwaka 2012 watafiti walioongozwa na Herman Pontzer walichapisha matokeo ya vipimo vya Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, watu ambao bado huwinda, huchimba mizizi na kurina asali. Wanaume kwa wanawake thelathini walinyweshwa maji yenye hidrojeni na oksijeni za uzito usio wa kawaida, na mkojo wao ukapimwa siku kadhaa ili kujua wametumia nishati kiasi gani. Wanaume walikuwa wakitembea kilomita 11 hivi kwa siku na wanawake karibu 6. Ilitegemewa kwamba matumizi yao yangewapita mbali makarani wa Marekani na Ulaya. Haikuwa hivyo. Ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, Wahadzabe walitumia kalori sawa na mtu anayekwenda kazini kwa gari. Inaelekea mwili unaotembea sana hubana matumizi mahali pengine. Wataalamu bado wanabishana juu ya ubanaji huo unafika wapi, lakini swali moja limejibika: wembamba wa Wahadzabe hauelezwi na miguu yao peke yake. Wanakula mizizi, matunda, asali na nyama, vyakula visivyokaangwa wala kukobolewa, na hakuna anayewauzia soda porini.

Hiyo si sababu ya kuacha kutembea. Mazoezi hushusha shinikizo la damu, huifanya misuli iipokee sukari vizuri, hulinda mifupa na kuburudisha akili, na wanaofanikiwa kubaki na uzito mdogo baada ya kupungua mara nyingi ni watu wa mazoezi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, na kutembea kwa haraka kunatosha. Lakini anayelipa ada ya gym ili aendelee kula vilevile anajidanganya, na gym inayomwahidi kitambi kitakwisha kwa wiki sita inamdanganya zaidi.

Kuna hesabu nyingine inayopotosha, na hii hutolewa hata na watu waliosoma. Kilo moja ya shahamu ya mwilini ina takriban kalori 7,700. Ikichukuliwa hivihivi, anayepunguza kalori 120 kwa siku, yaani nusu ya mafuta yale ya mchuzi, angepungua karibu kilo 6 kwa mwaka, 12 kwa miwili, na baada ya miaka kumi angebaki kivuli. Mwili hauendi hivyo. Kila unapopungua unahitaji nishati kidogo zaidi kuliko jana, kwa hiyo pengo linazidi kuwa dogo hadi linazibika. Kevin Hall na wenzake wa Marekani walichapisha hesabu iliyorekebishwa mwaka 2011: kila kalori 24 zinazopunguzwa kwa siku, moja kwa moja bila kurudi nyuma, hatimaye huondoa kilo moja. Nusu ya upungufu hutokea mwaka wa kwanza na karibu wote hukamilika kwa miaka mitatu. Kwa hiyo nusu ya mafuta ya mchuzi ni kilo 5 kwa jumla, mbili na nusu zikiwa za mwaka wa kwanza. Ni kidogo kuliko ahadi za mitandaoni. Ni kweli zaidi pia.

Anayetaka kwenda haraka hukutana na upinzani. Kati ya 1944 na 1945, chini ya uwanja wa mpira wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya imani zao, wakajitolea kushinda njaa ili ijulikane namna ya kuwahudumia walioathiriwa na vita Ulaya. Kwa wiki 24 walikula mkate, viazi na kabichi, kalori zipatazo 1,570 kwa siku. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Walisikia baridi, wakawa wakali, wakaota chakula, na wengine wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi. Miili yao ilipunguza matumizi kupita kiasi kilichotazamiwa kwa upungufu ule wa uzito. Walipofunguliwa kula, walikula bila kukinai, na shahamu ikarudi na kupita ilipokuwa. Miongo saba baadaye, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, Hall huyohuyo aliwafuatilia washiriki 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito nchini Marekani, miaka sita baada ya shindano. Kumi na watatu walikuwa wamerudisha uzito, wengine wakiwa wazito kuliko mwanzo, na miili yao bado ilikuwa inatumia karibu kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao.

Kwenye mwambao wa Pwani na Visiwani hakuhitajiki televisheni kuliona hili; Ramadhani inatosha. Tafiti nyingi za wafungaji zinaonyesha uzito kushuka kidogo, kilo moja hivi, na kurudi wiki chache baada ya Idi. Sababu iko mezani saa ya kufuturu: sambusa, katlesi, tambi za sukari, kaimati zilizokaangwa kisha zikachovywa kwenye shira, mihogo ya nazi. Saa kumi na tatu za kujizuia hulipwa kwa dakika arobaini. Funga ni ibada, na haikuwekwa kwa ajili ya kiuno. Anayekitafuta kiuno humo anaibebesha mzigo usio wake.

Njaa haiamuliwi na nia njema. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa New York waligundua homoni ya leptini, inayotolewa na shahamu yenyewe na kuuarifu ubongo akiba iko kiasi gani. Shahamu ikipungua, taarifa inapungua, na ubongo unasoma ukame. Imekadiriwa kwamba kwa kila kilo inayopotea, hamu ya chakula huongezeka kwa kalori 100 hivi kwa siku, huku matumizi yakishuka kwa 20 hadi 30 tu. Yaani mwili hujitetea zaidi kwa kuomba chakula kuliko kwa kubana matumizi. Kumwita mnene mvivu au mlafi, kwa hali hiyo, ni matusi yasiyo na elimu ndani yake.

Aina ya chakula nayo inauchochea ulaji. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, watu 20 waliishi mwezi mzima katika hospitali ya utafiti huko Bethesda, Marekani. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, wiki mbili vyakula vilivyopikwa kutoka vitu halisi, kila mara wakiruhusiwa kula watakavyo. Milo iliyowekwa mezani ililinganishwa kwa sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi. Kwenye vyakula vya kiwandani walikula kalori 500 zaidi kwa siku na kuongezeka karibu kilo moja. Kwenye vyakula halisi walipungua kiasi hichohicho. Vyakula vya kiwandani walivila pia kwa haraka zaidi. Maharage, dona, mchicha, tembele, samaki, papai na kunde hutafunwa, hujaza tumbo na huchukua muda. Biskuti na mkate mweupe hupita.

Swali la uzito gani ndio sahihi lina majibu mawili katika jamii za Kiswahili, na hayapatani. La kwanza ni la mtaani. Aliyenenepa huambiwa amependeza, maisha yamemkubali. Aliyekonda huulizwa kwa sauti ya chini anaumwa nini, na swali hilo lina kumbukumbu nzito, kwa kuwa katika miaka ya 1980 na 1990 kukonda kulikuwa dalili ya UKIMWI machoni pa watu, hata Uganda ugonjwa ukaitwa "slim". Mama aliyepunguza kilo kumi kwa jasho lake hulazimika kuwahakikishia majirani kwamba yu mzima. Jibu la pili ni la kliniki: uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mtu wa mita 1.65, kilo 50 hadi 68 ni uzito wa kawaida, kuzidi hapo ni uzito uliozidi, na kuanzia kilo 82 ni kiribatumbo. Kipimo hiki kilibuniwa karne ya 19 na Mbelgiji Adolphe Quetelet, mtu wa takwimu aliyekuwa akitafuta umbo la mtu wa wastani wala hakuwa akimpima mgonjwa. Hakitofautishi misuli na shahamu. Mbeba mizigo wa bandarini na mkaa ofisini wanaweza kupata namba moja.

Ndiyo maana futi ya fundi cherehani hufaa kuliko watu wanavyodhani. Kiuno hupimwa katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pumzi ikiwa imetolewa, bila kuvuta tumbo ndani. Kuanzia sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke hatari ya kisukari na ya magonjwa ya moyo huanza kupanda, kwa sababu shahamu iliyozunguka ini na utumbo ina madhara kuliko ile ya mapajani na makalioni. Umbo la nyonga pana linalosifiwa na nyimbo nyingi za mwambao halina kesi kubwa. Kesi ni ya kitambi, na kitambi kwa mwanaume bado huitwa heshima.

Takwimu zinaonyesha mwelekeo. Katika Kenya, wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au kiribatumbo walikuwa 25 kwa kila 100 katika utafiti wa kitaifa wa 2008-09, na 33 mwaka 2014. Tanzania walikuwa 22 mwaka 2010 na 28 mwaka 2015-16. Miaka michache haitoshi kubadili asili ya watu wala kuongeza ulafi wao. Kilichobadilika ni bei na upatikanaji wa mafuta ya kupikia, soda iliyofika kila kijiji, bodaboda mlangoni na kazi za kukaa.

Palipo na hofu hapakosi mfanyabiashara. Chai za kupunguza tumbo nyingi huwa na majani ya kuharisha, na kinachotoka ni maji na choo. Vivyo hivyo kilo tatu za wiki ya kwanza ya kuacha wanga: sehemu kubwa ni maji yaliyokuwa yameshikwa na wanga wa akiba kwenye misuli na ini, gramu tatu hivi za maji kwa kila gramu ya wanga. Yatarudi na sahani ya kwanza ya wali. Dawa za kweli zipo sasa. Semaglutidi, sindano ya kila wiki inayotuliza hamu ya chakula, ilipunguza uzito kwa karibu asilimia 15 katika majaribio yaliyochapishwa 2021, na walioiacha walirudisha theluthi mbili ya upungufu ndani ya mwaka. Ni dawa ya daktari, ni ghali, na haifai kununuliwa kwa mtu asiyejulikana kupitia simu. Mjamzito, mama anyonyeshaye na mtoto hawapaswi kuwekwa kwenye mlo wa kupunguza uzito bila mtaalamu. Na anayepungua bila kukusudia aende hospitali kabla ya kupongezwa.

Kinachobaki kwa watu wengi ni upunguzaji mdogo unaovumilika maishani: kupima mafuta kwa kijiko na kuacha kuyamimina, chai ya kijiko kimoja, sahani ambayo nusu yake ni mboga, maharage kabla ya soseji, na usiku ulalwe vya kutosha, kwani aliyekesha hula zaidi kesho yake. Upunguzaji wa namna hiyo ulipimwa nchini Marekani katika utafiti uliochapishwa 2002, ukihusisha watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imepanda bila kufika kisukari. Kundi moja lilitakiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Kwa mwanamke wa mita 1.65 mwenye kilo 82, lengo hilo si hata kilo 6. Angefika 76, kliniki bado ingemwandika kuwa na uzito uliozidi, na majirani wasingekuwa na la kuuliza. Lakini katika kundi lile, waliopata kisukari walipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa wastani walikuwa wamepungua kilo 5.6.